Kwa mnaoanza kazi ya utafiti katika wodi za watoto

Daktari wa watoto anayefanya utafiti ana kazi mbili zinazogombania saa zilezile. Asubuhi yuko kwenye kikao cha ripoti ya usiku, kikiisha anaingia raundi, na raundi haijafika katikati anaitwa mapokezi, kuna mtoto ana degedege. Utafiti wake umebanwa humo humo. Wewe mratibu, muuguzi wa utafiti au mtunza takwimu umeajiriwa ili utafiti huo usife, na pia ili usimnyang'anye mtoto mgonjwa daktari wake. Nimeifanya kazi hii miaka mingi katika hospitali za pwani, na neno langu kubwa kwenu ni hili: mpunguzieni daktari kila kisichohitaji udaktari, lakini msimbebee hata siku moja kile kinachomhitaji yeye mwenyewe.

Karatasi za vibali zichukueni zote. Kwa Tanzania, utafiti wa tiba unapita kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na dawa au chanjo ikijaribiwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wana lao. Zanzibar kuna ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Wenzetu wa Kenya wana NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Bodi ya Famasia na Sumu inayosimamia dawa. Kila kibali kina tarehe ya kuisha, na daktari hataikumbuka. Iweke kwenye kalenda yako, na ripoti ya mwaka uanze kuiandaa mapema, wakati hakuna anayekukimbiza.

Kazi yenyewe hasa iko mapokezi. Someni habari za utafiti wa FEAST, maana ulifanyika hapa hapa kwetu: Kilifi, Muheza na hospitali nne za Uganda, kati ya 2009 na 2011. Swali lilikuwa kama mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu apewe dripu ya haraka ya salaini (maji ya chumvi) au albumini (maji yenye protini ya damu), au aendelee na matibabu mengine bila dripu hiyo. Watoto 3,141 waliingizwa kwenye kundi kuu. Ndani ya saa 48, waliopewa dripu ya haraka walifariki asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa salaini. Wasiopewa, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Hakuna daktari aliyekuwa akisimama kitandani angeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho, kwa sababu dripu mara nyingi humfanya mtoto aonekane amepata nafuu saa ile ile.

Sasa jiulizeni: daktari aliye mbele ya mtoto anayehema kwa shida anapata wapi nafasi ya kumgawa kwenye kundi? Katika FEAST bahasha zilizofungwa, zenye namba za mfululizo na kundi la mtoto limeandikwa ndani, zilikaa tayari palepale na kufunguliwa kwa zamu ya namba. Huo ndio msaada ninaouzungumzia. Kabla mtoto hajafika, chupa za sampuli ziwe zimebandikwa lebo, mizani imekaguliwa, kipimo cha sukari kina vijiti, fomu ziko kwenye ubao wa kuandikia na kalamu inaandika. Kila dakika anayoitumia daktari kutafuta chupa ya damu ni dakika ya mtoto. Na dawa zikichelewa kwa sababu yako, hata kama itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, imefuatwa neno kwa neno, umemkosea mtoto huyo.

Nikae kidogo kwenye ridhaa ya mzazi, maana hapo ndipo wageni wengi wanapofikiri kazi ni kupata sahihi. Mama aliyefika saa nane usiku kwa bodaboda, mtoto amelegea mgongoni, hawezi kusikiliza kurasa sita. Ndiyo maana tafiti za dharura zenye kibali cha namna hiyo huanza na maelezo mafupi ya mdomo, na maelezo kamili pamoja na sahihi hufuata mtoto akishatulia. Kazi yako ni kuhakikisha hiyo hatua ya pili inafanyika kweli. Rudi kwake asubuhi, kaa chini usawa wake, mwite kwa jina la mtoto wake, mama Rehema, mama Juma, kisha uanze upya kana kwamba hajasikia chochote. Mara nyingi atataka kumpigia simu baba au kumsubiri bibi. Msubirini. Akikataa, mshukuru, na hakikisha anaona kwa macho yake kwamba huduma ya mwanawe haijapungua hata kidogo.

Kwenye damu msiwe wepesi. Hapa pwani habari za mumiani wanyonya damu zimekaa masikioni mwa watu tangu enzi za mababu, na mzazi anayeona chupa tatu zikijazwa kutoka mkononi mwa mtoto mdogo ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Usimcheke wala usimwambie hizo ni imani za kale. Mpe hesabu. Mtoto wa kilo 10 ana damu takriban mililita 800 mwilini. Kijiko cha chai ni mililita tano. Mwambie tunachukua vijiko viwili, kimoja cha vipimo vya matibabu yake na kimoja cha utafiti, na umwoneshe chupa yenyewe. Na wewe weka jedwali la jumla ya damu iliyochukuliwa, pamoja na ile ya maabara ya kawaida, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku hajui kilichotolewa mchana. Kikomo kikikaribia, mwambie daktari kabla hajaandika kipimo kingine.

Sasa yale yasiyobebwa. Kuamua kama mtoto anafaa kuingia kwenye utafiti ni kazi ya daktari aliyeorodheshwa kwenye daftari la majukumu. Kuamua kama tukio baya limesababishwa na dawa inayojaribiwa ni kazi yake pia. Wewe unaandika kilichotokea, saa, dozi ya mwisho, nani alikuwepo, na unahakikisha taarifa inamfikia mfadhili kwa muda uliowekwa, ambao kwa matukio makubwa huwa ni saa 24 tangu kujua. Kishawishi kipo. Katika wodi yenye malaria kali watoto hufariki, na ni rahisi mno mkono kuandika "haihusiani" kwa mazoea. Kumbukeni AQUAMAT, utafiti uliolinganisha dawa mbili za malaria kali kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo: waliofariki kwa artesuneti walikuwa asilimia 8.5, kwa kwinini 10.9. Matokeo yalitoka mwaka 2010 na mwaka uliofuata WHO wakabadilisha mwongozo wa matibabu ya watoto. Tofauti hiyo ya wawili na kitu katika kila mia ilionekana kwa sababu ya faili zilizojazwa kwa ukweli, moja baada ya nyingine. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika lililo sahihi, weka tarehe na herufi za jina lako. Wino mweupe wa kufutia usikanyage ofisini kwenu.

Kuna jambo halisemwi kwenye mafunzo. Wauguzi wa wodi wanajua kwamba ninyi mnalipwa na mradi na wao hawalipwi. Wakinyamaza, sampuli za usiku hazitachukuliwa, na daktari atalaumiwa kwa takwimu zenye mapengo. Salamu ziende kwanza, shikamoo kwa dada mkuu wa wodi isikosekane. Ila salamu pekee hazitoshi. Mwombeni mtafiti mkuu aweke kwenye bajeti vitu ambavyo wodi nzima itatumia, mashine ya kupima oksijeni kidoleni, vijiti vya sukari, na mafunzo yawafikie wauguzi wote, hasa wa zamu ya usiku. Mtoto ambaye hayumo kwenye utafiti naye apimwe kwa mashine hiyo hiyo.

Mwisho ni kuhusu kusema na mkubwa. Itatokea siku daktari bingwa, mtu unayemheshimu na amechoka kweli, akakuambia umjazie fomu ya jana na kuweka sahihi yake. Usibishane naye mbele ya wagonjwa wala wanafunzi. Mfuate pembeni: "Daktari, naomba dakika mbili. Nimekuandalia kila kitu, sehemu yako ni mistari hii mitatu." Wengi watachukua kalamu. Asipochukua, andika kwamba haijajazwa na uiache wazi, kisha umweleze mtafiti mkuu. Na kama yeye ndiye mtafiti mkuu, namba ya simu ya kamati ya maadili imechapwa chini ya kila fomu ya ridhaa. Iliwekwa kwa ajili ya wazazi, na mfanyakazi wa utafiti anaruhusiwa kuipiga vilevile.