Magna Carta iliahidi, sheria ya 1679 ikaweka saa na faini

Wiki hii mmeuliza kama Magna Carta, hati ya ahadi ambazo Mfalme John aliwapa makabaila wake, ndiyo msingi wa serikali ya kidemokrasia Uingereza. Ibara ya 39 ya hati hiyo ya Juni 1215 ilikataza mtu huru kufungwa isipokuwa kwa hukumu ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. (Wakulima wengi wa wakati ule walikuwa watwana, si watu huru.) Haikueleza mfungwa amwendee nani, wala askari jela akikaidi atafanywa nini. Ndiyo maana mwaka 1627 mabwana watano waliogoma kumkopesha Mfalme Charles I kwa lazima waliwekwa ndani, na sababu iliyopelekwa mahakamani ilikuwa moja: mfalme kaamuru. Wakanyimwa dhamana.

Mimi naitanguliza Sheria ya Habeas Corpus ya 1679, kwa kuwa inataja nani afanye nini na kwa muda gani. (Habeas corpus ni amri ya jaji inayomtaka mlinzi amlete mfungwa mbele yake na kueleza kwa nini amefungwa.) Mfungwa anadai nakala ya hati iliyomweka ndani; mlinzi ana saa 6 kuitoa. Nakala inapelekwa kwa jaji, hata mahakama ikiwa likizoni. Jaji akishatoa amri hiyo, mfungwa afikishwe mbele yake ndani ya siku 3. Gereza likiwa mbali zaidi ya maili 20, siku 10. Likipita maili 100, siku 20. Mlinzi akikaidi, pauni 100. Akirudia, pauni 200 na kazi hana. Jaji akikataa kutoa amri wakati wa likizo, pauni 500. Fedha hizo anapewa mfungwa mwenyewe! Sheria ikapiga marufuku pia kumhamishia mfungwa ng'ambo, kama Jersey au Tangier, ili amri isimfikie.

Matundu yalibaki. Kiwango cha dhamana hakikuwekewa mpaka, hivyo jaji aliweza kutaja kiasi kisicholipika. Sheria ya Haki ya 1689 ndiyo iliyokataza dhamana ya kupindukia. Tundu kubwa zaidi halikuzibwa: Bunge liliweza kuisimamisha kinga hii, na likafanya hivyo mwaka 1794 na 1817 kwa hofu ya wanamageuzi. Hata hivyo, ilibidi wabunge wajadili na kupiga kura hadharani. Kauli ya mfalme peke yake haikutosha tena.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekwenda mbele kuliko Waingereza hapo: Ibara ya 25 inaitaja amri ya habeas corpus miongoni mwa haki chache zisizoweza kuwekewa mipaka.