Ndoto yangu ni ya meno

Wiki hii mmeuliza kama kuna ndoto mbaya inayokurudia na unadhani maana yake nini. Yangu ni ya meno kutoka. Sio kwamba nimepigwa au nimeanguka, hapana, nakuwa tu nimekaa kwenye kibanda changu (mimi ni wakala wa pesa za simu huku Mbagala), nasikia jino la juu limelegea, nalisukuma na ulimi linatoka, halafu la pili, la tatu, yanapukutika mdomoni kama punje za mahindi ya kuchemsha, damu hakuna, maumivu hakuna, na mteja yuko dirishani anauliza namba ya wakala ila mimi siwezi kumjibu maana nikifungua mdomo yote yatamwagika hapo juu ya kaunta. Nayatema kiganjani nayarudisha moja moja, hayakai. Nikishtuka nakuta kidole kiko mdomoni kinakagua.

Sasa kwetu Tanga ndoto hii haina mjadala, jino kutoka ni msiba. Shangazi yangu ana sheria zake kabisa: meno ya juu ni upande wa baba, ya chini upande wa mama, la mbele ni mtu wa karibu, gego ni mzee, na ukilidaka mkononi basi kuna nafuu, labda ni mali au mtoto. Nilikuwa nikiota tu asubuhi napiga simu Tanga, naulizia mmoja mmoja, na wao wakishajua kwa nini napiga ndo nyumba nzima inaingia presha.

Kumbe sheria hizo ni za zamani kuliko mashangazi wote. Karne ya 2 kulikuwa na mtu mmoja wa Efeso, pale ambapo leo ni Uturuki, anaitwa Artemidorus, yeye aliandika kwamba mdomo ni nyumba na meno ni watu waliomo, na akagawa juu na chini, kulia na kushoto, nani ni nani. Karne ya 9 maandishi yake yakatafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq, na ukisoma vitabu vya tafsiri za ndoto vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin (wataalamu wengi wanasema hakuviandika yeye) unakuta meno na ndugu vilevile. Sitashangaa kama ndo njia iliyomfikia shangazi, pwani yetu na Uarabuni si wageni.

Ila ninachotaka kusema ni kwamba ndoto hii "inatimia" kwa sababu ukoo wetu ni mkubwa. Grupu letu la WhatsApp la ukoo haliishi mwezi bila innalillahi. Ukiota leo, miezi miwili mbele binamu wa babu kule Muheza akafariki, mzee wa miaka tisini na kitu, tayari, si tulisema! Hakuna anayehesabu zile ndoto ambazo hazikuleta msiba wowote. Na hakuna anayehesabu misiba iliyokuja bila ndoto. Baba yangu alipofariki mimi sikuota kitu, nililala fofofo mpaka simu ikaniamsha. Nilipomwambia shangazi hilo akanijibu bila hata kufikiri kwamba basi aliota mwingine, na kweli baada ya mazishi dada mmoja "akakumbuka" kuwa wiki ile aliota jino. Hapo utabishana na nani?

Halafu hao hao wanaofasiri jikoni ndo wanajua mafundisho ya dini kwamba ukiota ndoto mbaya ujikinge kwa Mwenyezi Mungu, uteme kidogo kushotoni mara tatu, ugeukie ubavu mwingine na USIMSIMULIE MTU. Hilo la mwisho ndo hatuliwezi kabisa.

Tafsiri yangu ilibadilika kwa daktari wa meno. Nilienda kwa shida nyingine, gego la chini likipata maji ya baridi linapiga shoti, akachungulia akaniuliza unasaga meno usiku? Nikamwambia mimi si mtoto sina minyoo, akacheka. Akanipa kioo. Magego yangu vile vilima vya juu vimelika vimekuwa bapa, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe unaofuata meno yanapokutana, huo unatokana na kubana. Akanibonyeza pembeni ya taya nikaruka. Akauliza naamka na kichwa kinauma hapa kwenye panja? Kila siku, na mimi miaka yote nasema ni joto la Dar. Akaeleza mtu mzima anaweza kusaga au kubana meno usingizini bila kujijua, mawazo yanachangia, kahawa nyingi, sigara, pombe, hata dawa nyingine.

Nikarudi nyumbani nikasaka. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli walichapisha kazi yao kuhusu ndoto hii hii ya meno, wakakuta wanaoiota sana ni wale wanaoamka na mkazo kwenye meno, ufizi au taya, wala haikuonekana kuendana na msongo wa mawazo. Yaani mwili unabanwa mdomoni na ubongo uliolala unatunga stori ya kuelezea. Hapa mimi na wao tunaachana kidogo, maana yangu inakuja zaidi mwisho wa mwezi, floti ikiwa haitoshi na hesabu haikubali, au nikishapigiwa simu na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nadhani mawazo yanakaza taya na taya ndo inaleta ndoto.

Ila naongelea ya meno tu. Kama mtu anaota ajali aliyokuwemo kweli, au alivyovamiwa, huyo asipelekwe kwa daktari wa meno wala kwa shangazi, atafute mshauri wa kisaikolojia. Kuna njia inaitwa kuandika ndoto upya, ukiwa macho unaibadilisha unavyotaka halafu unaipitia kichwani dakika chache kila siku, na imefanyiwa utafiti, imesaidia watu waliofanyiwa ukatili kabisa. Nami nimeijaribu kwenye hii yangu ndogo. Kwenye yangu mpya namwambia mteja mtandao hamna, aje kesho.

Daktari alinitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, alichukua kwanza chapa ya meno, sio ile ya wanamichezo ya kununua dukani. Siku za mwanzo nilikuwa naitema usingizini naikuta chini ya mto, sasa nimeizoea. Kichwa cha asubuhi kimepungua sana, ndoto bado inakuja ila sio kama zamani. Shangazi nilimwelezea yote kwa simu, taya, panja, Waisraeli, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza hiyo plastiki inakaa juu au chini. Nikamwambia juu.

"Alhamdulillahi," akasema, "basi huku kwetu tuko salama. Wapigie na upande wa mama yako."