Wani ya tatu inakufikisha wapi kwenye udaktari?

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mzazi mmoja hapa Moshi atauliza, "Dokta, mwanangu kapata wani ya tisa, udaktari atauweza kweli?" Mwingine ana mtoto wa wani ya tatu, na kwake mjadala umefungwa: huyo ni daktari tayari. Wote hao wamepata divisheni wani; namba inayofuata ni pointi, na zikiwa chache ndiyo bora, kuanzia tatu hadi tisa. Wote nawajibu kwa yale niliyopitia.

Niliingia chuo na wani ya nne ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mwaka wa kwanza nikapata sapu ya anatomia, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Nililia bwenini, na nyumbani sikusema, maana niliogopa kuulizwa, "Na ile wani yako?" Kidato cha sita nilikuwa nimesoma kwa tuisheni na pasti pepa, swali nikilijua kabla halijaja. Chuoni nikakuta kitabu kinene na maiti mezani, na hakuna wa kunidokeza kipi kitatoka. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa diskasheni, aliyeingia na D ya Fizikia. Kila jioni alichora mishipa ya fahamu ya mkono bila kuangalia popote, akafuta, akachora tena.

Alama zina uzito wake, nisimdanganye mtu. Ambaye kemia na baiolojia hazijamkaa atateseka kwenye biokemia na fiziolojia. Ila uzito huo unapungua njiani. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: ufaulu wa kabla ya chuo ulieleza takriban asilimia 23 ya tofauti za ufaulu kati ya wanafunzi wa udaktari, na baada ya kuhitimu asilimia 6 tu. Sababu mojawapo ni kwamba wanaochaguliwa wote wamefaulu vizuri, kwa hiyo pointi mbili tatu haziwezi kuwatenganisha sana.

Wodini nililiona hilo kwa macho yangu. Mwaka wa tatu tulipewa mgonjwa, babu wa Kibosho, anakohoa. Aliyeongoza darasa letu alimuuliza maswali yote kwa mpangilio wa daftari, na babu akaitikia "ndiyo, mjukuu wangu" kwa kila kitu. Yule wa D ya Fizikia akavuta kiti, akamwamkia, akauliza, "Babu, usiku unalalia mito mingapi?"

"Mito? Mimi nalala nimeketi kwenye kiti tangu tuvune kahawa. Nikijinyoosha pumzi inakata."

Pumzi kukata ukijinyoosha yaweza kuwa dalili ya moyo, na hapo tukajua tuanze kuutazama moyo, si mapafu peke yake. Hakuna mtihani wa kidato cha sita unaopima kile kiti alichovuta.

Kwa hiyo wewe unayeutaka udaktari, tangu matokeo yatoke una miezi kama mitatu kabla ya chuo kufunguliwa. Chukua mada ya baiolojia ambayo hukuwahi kufundishwa, isome peke yako, kisha mfundishe mdogo wako bila daftari. Ukikwama, rudia. Msindikize bibi au jirani kliniki, ukae naye foleni mpaka mwisho, umsikilize anavyoeleza maumivu yake kwa maneno yake. Wiki ya kwanza chuoni tafuta wenzako watatu wa diskasheni, na usiwachague kwa pointi zao.

Nawe mzazi, mtoto akikupigia kusema ana sapu, zile pointi za kidato cha sita usimkumbushe. Muulize anasomaje, na anasoma na nani.