Year Walk: soma mila yake kwanza, majibu utayapata mwenyewe

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama Year Walk inatisha kweli au inapewa sifa tu, ufanyeje na wale watoto wa msituni waliokukwamisha, na kama unaweza kumwachia mdogo wako wa darasa la nne aicheze. Mimi nimeimaliza kwenye iPhone, nikairudia kwenye kompyuta, na hakuna gemu ya simu niliyoipenda kuliko hii. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Inatisha, tena sana. Sehemu za kukurupusha zipo lakini ni chache. Kinachokumaliza ni upweke. Unatembea kwenye theluji kwa kuburuta kidole kulia au kushoto, na mahali fulani fulani njia inakuruhusu kuzama ndani zaidi ya msitu au kurudi nyuma. Kwenye simu huna ramani, huna mkoba wa vitu, hakuna mshale wa kukuelekeza. Miti imechorwa bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi, rangi ni kijivu, nyeupe na nyeusi, kwa hiyo tone moja la damu likionekana jicho linalikimbilia lenyewe. Weka spika za masikioni, usicheze bila hizo. Kila hatua utaisikia ikivunja theluji, na ukisimama, nayo inakoma. Muziki wa Daniel Olsén hauji ovyo, na ukija unajua kuna jambo.

Walioitengeneza ni Simogo, studio ndogo ya Malmö, kusini mwa Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Simon Flesser na Magnus Gardebäck. Kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza gemu za kuchangamsha, zenye rangi rangi. Mwaka 2013 wakatoa hii, kutokana na mswada wa filamu fupi wa Jonas Tarestad. Kisa ni cha kijana Daniel, anayempenda Stina, na habari zimeshafika kwamba Stina amechumbiwa na mtu mwingine. Daniel anataka kujua mwaka unaokuja umewawekea nini. Basi usiku wa mwaka mpya anatoka kwenda kufanya årsgång, yaani ule mwendo wa mwaka ulioipa gemu jina.

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu naona wengi wanaruka moja kwa moja kwenye mafumbo wakidhani hadithi ni ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Daniel na Stina ndio wamebuniwa. Årsgång ni mila ya kweli ya vijijini Sweden, hasa mikoa ya kusini kama Småland, na masimulizi yake yaliandikwa na watu wa huko kwa vizazi. Mtu aliyetaka kujua ya mwakani alijifungia gizani mchana kutwa, mkesha wa Krismasi au wa mwaka mpya. Hali chakula, haangalii moto, hazungumzi na mtu. Ikifika usiku wa manane anatoka peke yake kwenda kanisani, analizunguka, na katika masimulizi mengine anapuliza kwenye tundu la ufunguo wa mlango, kitendo kilichohesabiwa kuwa ni kuuweka Ukristo wake pembeni kwa usiku ule. Baada ya hapo anaanza kuona na kusikia: makaburi mapya ya watakaokufa, sauti za miundu shambani zikimwambia mavuno yatakuwaje, dalili za moto au vita. Na njiani viumbe wanamzuia, maana ujuzi ule haukuwa wa kupewa bure.

Sasa irudie gemu ukiwa na hayo kichwani. Ile sehemu ya kukaa kibandani gizani kusubiri saa ifike, wengi wanalalamika kwamba inachelewesha. Haicheleweshi. Ni mfungo wa Daniel, na wewe unafungishwa naye.

Viumbe nao ni wa masimulizi yale yale. Huldra ni mwanamke wa msituni, mzuri ukimtazama mbele, lakini mgongo wake ni mtupu kama gogo lililooza ndani, na wengine humpa mkia. Fumbo lake ni la masikio, usihangaike kutafuta alama kwenye skrini, sikiliza. Bäckahästen ni farasi wa mtoni: huko kwao walisimulia kwamba watoto humpanda mgongoni, mgongo ukazidi kurefuka ili wapande wengine, halafu akajitosa nao majini. Kyrkogrim ni roho ya mnyama aliyezikwa hai wakati wa kujenga kanisa ili alilinde. Nattramn, kunguru wa usiku, nakuachia ukutane naye.

Hao watoto waliokukwamisha ndio mylingar, na kwangu mimi ndio moyo wa gemu nzima. Ni roho za vichanga waliouawa kwa siri na mama zao mara tu baada ya kuzaliwa, hawakubatizwa, hawakuzikwa makaburini. Masimulizi yanasema mpita njia usiku hudandiwa mgongoni na kichanga kama huyo akiomba apelekwe makaburini azikwe, na kila wakikaribia kanisa mzigo unazidi uzito mpaka mbebaji anaweza kudidimia ardhini.

Nyuma ya hadithi hizo kulikuwa na wasichana wa kweli. Sweden ya zamani binti aliyezaa nje ya ndoa alidhalilishwa hadharani, na aliyemuua mtoto wake alihukumiwa kifo. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1778 Mfalme Gustav III alitoa amri ya kuruhusu mwanamke ajifungue bila kutaja jina lake, ili aibu isimsukume kuua. Mimi nilipolijua hilo, ile sehemu ya msituni ilibadilika kabisa. Dada yangu, aliyekuwa ameketi pembeni akininakilia alama kwenye daftari, aliweka kalamu chini tukakaa kimya. Tulikuwa tunawakusanya kama vitu vya kupata alama za ushindi, kumbe kila mmoja ana mama mahali fulani kijijini.

Kuhusu kukwama kwako, sikupi jibu lote kwa sababu utajikosesha utamu, ila nakupa njia. Kwanza, chukua karatasi na kalamu. Gemu haikukumbushi chochote ulichokiona, na alama uliyoiona kwenye mti inaweza kuhitajika mbali na hapo. Chora na ramani yako mwenyewe, hata kama ni ya mistari tu. Pili, acha kufikiri kwamba simu ni kioo cha kugusa peke yake. Ina vidole vingi inavyoweza kuvipokea kwa wakati mmoja, na ni kitu unachokishika, unaweza kukigeuza. Kuna mtoto hutampata kwa kubonyeza hata ukibonyeza mpaka asubuhi; fikiria amekaa vipi na ni nini kitamfanya aanguke. Tatu, ukishawapata, kumbuka nimekwambia nini kuhusu farasi wa mtoni na watoto. Hapo utajua pa kwenda.

Kitu kingine ambacho hukukitaja, na nadhani hujakishusha: kuna programu ya pembeni inaitwa Year Walk Companion. Ni kama kamusi ya viumbe hawa, maelezo mafupi ya kila mmoja. Kwenye iPhone iko peke yake, na wengi hawaijui. Ishushe leo, usome kila kiumbe kabla hujakutana naye. Tena ina sehemu iliyofungwa, ambayo utaifungua ukishamaliza gemu kwa kile utakachopewa mwishoni. Humo mna maandishi ya mtafiti anayeitwa Theodor Almsten. Huyo ni wa kubuni, usimtafute kwenye maktaba, lakini soma alichoandika neno kwa neno halafu urudi kwenye gemu. Mtu aliyeona ule mwisho wa kwanza akafuta gemu, hajaimaliza Year Walk.

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na Android, haikutolewa kwa simu zenu, itabidi kompyuta. Toleo la kompyuta lilikuja mwaka 2014, limeongezewa sehemu mpya, ramani na vidokezo, na ile kamusi imewekwa ndani kabisa. Ni zuri, lakini mimi naipendelea ya simu. Kupotea msituni ni sehemu ya mwendo wenyewe, na ramani inakuondolea hilo. Mkicheza kwenye kompyuta, jitahidini msiifungue ramani mpaka mshindwe kabisa. Kiingereza chake ni kidogo, hakitawasumbua.

Na mdogo wako: hapana, usimwachie. Damu si nyingi na hakuna matusi, hilo lisikudanganye. Mtoto wa darasa la nne ataelewa vizuri tu kwamba wale ni vichanga waliokufa, na atakuuliza ni nani aliyewaua. Akifika sekondari cheza naye, wewe ushike simu na yeye ashike daftari.

Ukipita kwa farasi, rudi hapa useme umeishia wapi, nitakusaidia na kanisani. Pale nako si rahisi.