Mkeo Anamshukuru Mungu, Wewe Unaona Aibu ya Nini?

*Shangazi, naishi Tabata na mke na watoto watatu. Mwaka jana, saa nane usiku, nilipata ajali ya bodaboda Barabara ya Mandela nikitoka sehemu na rafiki. Nililazwa, nikapona. Tangu hapo kila mwezi mke wangu anatoa nia ya Misa ya shukrani, yaani sadaka ili Misa isomwe kwa ajili hiyo, kila jioni ni rozari, na Jumamosi kwenye jumuiya ya waumini wa mtaani anasimulia ajali ile ile. Pesa zinaenda na mimi naona aibu. Misa ya Jumapili naenda. Nimwambieje kwamba yaliyopita si ndwele?*

Pole kwa ajali, baba, na hongera kwa kupona.

Sasa niambie, "sehemu" gani? Na rafiki gani huyo wa saa nane usiku? Aliyetoka kazini huandika kazini, aliyetoka msibani huandika msibani. Sadaka ya Misa haikuumizi kiasi hicho. Kinachokuumiza ni kwamba mkeo akisema Mungu alikuokoa barabarani, unaogopa mtu atauliza ulikuwa unatoka wapi. Huenda mwenyewe anajua, ila ameamua kusimulia wema wa Mungu tu na hayo mengine akakusitiri. Na hiyo "yaliyopita si ndwele" ni ya aliyekosewa kuisema. Mkosaji hajisamehe mwenyewe kwa methali.

Usimwone mkeo ana kiherehere. Anaishi Ukatoliki wake. Mkesha wa Pasaka una masomo saba ya Agano la Kale. Yanaweza kupunguzwa, lakini lile la Kutoka sura ya 14, Waisraeli kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Katika Masifu ya Jioni, sala rasmi ya jioni, Kanisa huimba utenzi wa Bikira Maria kila siku, mwaka mzima, na hakuna anayemwambia Mama Maria kwamba amerudia mno. Wewe mara moja kwa mwezi umechoka! Fungua Kutoka sura ya 16 uone: watu wale wale, bahari wameshaisahau, wanalilia sufuria za nyama za Misri. Anayesahau alikotolewa hurudi huko huko, na hicho ndicho ninachokuhofia.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha sana kwa hili. Meseji ya miaka mitatu iliyopita imehifadhiwa kwenye simu ingoje siku ya ugomvi. Lakini waulize lini waliketi pamoja wakakumbuka mtoto aliyelazwa akapona, au kodi ya nyumba iliyopatikana siku ya mwisho. Kimya! Wanaishi kama watu wasiowahi kusaidiwa na yeyote, ndiyo maana shida ndogo tu inawatawanya.

Kama kuna jambo la mwili wako analolitaja jumuiyani likakufedhehesha, mwombe kwa upole aliache. Hapo una haki. Mengine yote nipo upande wake. Nenda kitubio wiki hii ukaungame, kisha mwambie mkeo wewe mwenyewe ulikotoka usiku ule kabla hajasikia kwa majirani. Rozari ya leo ongoza wewe, na nia ya Misa ya mwezi ujao kaiandikishe ofisi ya parokia kwa mkono wako.