Ukitafuta mwalimu wa Kipali, muulize kwanza mtasoma nini

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, niliumaliza kwa mwalimu mzuri ambaye hatukuwahi kufungua naye kitabu. Kila Jumamosi tulikaa kimya, tukifuata pumzi, kisha mawaidha. Kosa lilikuwa langu: nilitaka mwalimu wa maandiko, nikaenda kwa mwalimu wa kutafakari. Ni fani mbili hizo, na si wengi waliozishika zote.

Siku hizi naanza na swali moja: tutasoma sutta ipi (hotuba ipi ya Buddha), na Kipali chenyewe kitakuwa mbele yetu? Akianza kuzungukazunguka, nashukuru na kuaga.

Wa pili nilimpata kwa intaneti, mtawa wa Sri Lanka. Tulianza na maneno yanayofungua sutta nyingi: evaṃ me sutaṃ. Nikarukia, "Nimesikia hivi." Akanizuia: nani katenda hapo, na sutaṃ ni kitenzi cha namna gani? Nikakwama. Kumbe ni "kilichosikiwa", na me hapo ni "nami". Hivi ilisikiwa nami. Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa inayokaa hapo bila kulazimishwa, nami nilikuwa napita kwenye Kiingereza bure! Saa nzima iliishia kwenye maneno matatu.

Mpime pia kwa sharhi, yaani maelezo juu ya sutta. Buddhaghosa, mtawa msomi, aliandika zake Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 5, karibu miaka elfu moja baada ya Buddha. Zinasaidia sana, ila mwalimu akueleze hapa sutta inasema, hapa Buddhaghosa anafafanua. Asiyetenganisha atakuchanganya, hasa kama unatafuta mafundisho ya mwanzo.

Pa kuanzia papo. Dar es Salaam kuna hekalu la Wasri Lanka pale Upanga. Entebbe kuna kituo alichoanzisha Bhante (Mheshimiwa) Buddharakkhita mwaka 2005. Oxford Centre for Buddhist Studies hufundisha Kipali kwa mtandao. Nyumbani, fungua tovuti ya SuttaCentral: Kipali na tafsiri ya Bhikkhu Sujato, sentensi kwa sentensi, bure. Usijitwishe mkusanyo mzima wa Majjhima Nikaya, sutta 152. Chukua moja fupi uende nayo kwa mwalimu ikiwa imejaa alama za kuuliza.

Ukienda kwa mtawa, muite Bhante, vua viatu, na usiulize ada. Peleka matunda au mchele. Nenda alasiri. Adhuhuri ikishapita hawali tena mpaka kesho, na mimi siku ya kwanza nilibisha hodi saa tano na nusu, sahani zinapangwa.