Mbwa anahara kila mara na manyoya yanamtoka: yaliyomkuta Chui wangu hapa Malindi

Dada, umesema mbwa wako anahara, anatulia siku tatu, anarudia, na sasa anajikuna hadi manyoya yanamtoka mgongoni. Wengi wamekuelekeza dawa ya kuogeshea. Viroboto na kupe mtazame, ndiyo, lakini mimi ningeanzia tumboni, maana njia hiyo nimeipita na Chui, mbwa wangu wa ulinzi huku mtaa wa Barani.

Kila akihara nilimpa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, niliyonunua bila kuandikiwa na daktari. Choo kinashikana, wiki mbili baadaye kinalegea tena. Nilirudia mara tatu, na hilo linaniuma hadi leo. Dawa ile huua hata bakteria wema wa utumbo, wale wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Wengine huchukua wiki kadhaa kurudi. Na sehemu kubwa ya kinga ya mwili imekaa hapo hapo utumboni, ndiyo maana tumbo likivurugika hata ngozi yaweza kuonyesha.

Daktari wa mifugo aliyenisaidia hakukimbilia sindano. Alimfunua mdomo, fizi nyeupe kama tui, yaani damu imepungua, kisha akataka choo cha asubuhi. Kwenye darubini: mayai ya minyoo ya safura. Mchanga wetu wa pwani, ule wa kivulini wenye joto na unyevu, unawafaa mno lava wake, yaani minyoo wachanga. Huingia kwenye nyayo za mbwa au anapojilamba, wakishakomaa wanamnyonya damu utumboni. Lava hao hao wakimpata mtoto anayetembea peku, humwachia mstari mwekundu unaotambaa ngozini na kumwasha usiku kucha. Kwa hiyo choo cha mbwa kiokote kila siku, masika usikose kabisa.

Chui alipewa dawa ya minyoo kwa uzito wake, ikarudiwa baada ya wiki mbili, na sasa ni kila miezi mitatu. Kilichonisumbua zaidi ni chakula. Nilikuwa nikimletea mabaki ya hotelini: pilau, mchuzi wa nazi, mifupa ya kuku. Kumbe kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na huyu damu yenyewe alikuwa hana! Mafuta mengi nayo yaweza kuvimbisha kongosho, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Siku hizi nachemsha samaki wa bei nafuu, natoa miiba yote, nachanganya na wali na boga la kupondwa, bila chumvi. Daktari aliongeza unga wa madini na vitamini, kwa sababu samaki na wali pekee havimtoshi mbwa. Nilimbadilishia kidogo kidogo kwa siku kumi. Ukibadilisha ghafla atahara tu.

Choo kilishika ndani ya wiki mbili. Manyoya yalichukua karibu miezi mitatu, usikate tamaa. Ila ukiona damu, kutapika, au amelala hataki hata maji, na zaidi kama ni mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa parvo (virusi vya kuharisha vinavyoua mbwa wadogo), mpeleke siku hiyo hiyo.

Kesho asubuhi chukua choo kwenye kikopo safi, kisha utuambie fizi zake zina rangi gani.